Kadi ya Harusi Isomeke Mpaka Muleba

Ukumbi mmepata, keki tayari, sasa mnagombania maandishi ya kadi. Bibi harusi anataka yale ya kujisokotasokota. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuhariri kurasa, kura yangu naipa Times New Roman iliyokolezwa wino, ile yenye vijimkia kwenye ncha za herufi. Mnasema ya kizee? Subirini.

Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia Oktoba 1932. Stanley Morison alisimamia, Victor Lardent akachora. Ilibana nafasi, maneno mengi yakaingia kwenye safu bila kumkodolesha msomaji macho. Sasa weka majina yetu ya Kihaya, Rweyemamu na Kokushubira. Kwa Cooper Black, nene kama mkungu wa ndizi, yanagonga ukingo. Kwa Times yanatulia.

Halafu kadi haiishii Bukoba mjini. Inapanda basi mpaka Muleba kwa shangazi, macho yameshachoka. (Ikienda kwa WhatsApp, kioo chenyewe kidogo.) Akisoma 16 badala ya 10, kiti chake kitakuwa kitupu siku ya ndoa, na kesi hiyo mtaisikia miaka! Maua yabaki pembeni. Majina, tarehe na kanisa, koleza.