Hatari ikifika chuoni, nani anahesabu watoto?

Mzazi anayechimba zahabu upande wa Manguredjipa anajua kazi ya kupanda mlima juu ya kutafuta rezo. Siku anasikia kama risasi zimelia usiku Butembo ao Beni, anaacha shimo, anapanda, anapigia simu mtoto wake anayesoma chuo kikuu. Simu haipiti. Anapigia rafiki wa mtoto, nayo haipiti. Halafu anajiuliza: chuo chenyewe kiko na namba gani? Wazazi wengi hatuna jibu, na njo sababu tunaandika leo.

Kwetu hatari siyo hadithi ya mbali. Mauaji ya raia katika Beni yalianza Oktoba 2014 na hayajaisha. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia Beni na Butembo, na mpaka mwisho wake, Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2.287. Katikati ya ugonjwa huo, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia katika Cliniques universitaires du Graben, hapa Butembo, wakamuua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS. Hiyo ni hospitali ya chuo kikuu. Juni 2021 bomu zililipuka Beni, moja ndani ya kanisa Katoliki. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kule Mpondwe katika Uganda, ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuchoma bweni la wavulana. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao wanafunzi.

Basi mpango wa dharura wa chuo ni kitu gani? Ninyi wa ku shimo mnaujua kuliko maprofesa. Pale kazi inaendeshwa vizuri, PDG ao msaidizi wake anajua nani ameshuka na nani amepanda. Udongo ukiporomoka, hakuna kubahatisha: wako wanne ndani, majina yao ni haya, mmoja anaita watu, mwingine analeta kamba, mwingine anazuia wale wanaotaka kujitupa ndani bila akili. Chuo nacho kinahitaji vile vile. Nani anatoa amri, na kama hayuko, nani anashika nafasi yake? Kengele gani inalia? Tunakutana wapi? Nani anahesabu? Nani anaongea na wazazi? Hayo yaandikwe kwenye karatasi mbili tatu, yabandikwe ukutani, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aonyeshwe siku anapoandikishwa.

Kenya ilijifunza kwa damu. Tarehe 2 Aprili 2015, mapema asubuhi, Al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha Garissa. Onyo lilikuwa limetoka mbele ya siku hiyo, lakini walinzi walikuwa wachache, na kikosi maalumu kilipaswa kutoka Nairobi, mbali sana, kikafika nyuma ya masaa mengi. Watu 148 walikufa, 142 kati yao wanafunzi. Chuo kilicho mbali na msaada kinapaswa kujua namna ya kuishi yale masaa ya kwanza kikiwa peke yake. Mwenye kutembea barabara zetu wakati wa mvua anaelewa tunasema nini.

Lakini sikilizeni yaliyofuata, maana hayo hayasemwi sana. Siku kumi tu nyuma ya Garissa, kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mitambo ya umeme ililipuka mbele ya kupambazuka. Wanafunzi wakafikiri ni wauaji. Wengine wakaruka madirishani kutoka ghorofani. Mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia, na hapakuwa hata adui mmoja. Kisha Novemba mwaka ule ule, chuo kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la usalama kwa kulizisha risasi, na watu wengi hawakuambiwa kama ni zoezi. Mfanyakazi mmoja wa chuo akapoteza maisha, wengine wengi wakajeruhiwa.

Kwa hiyo tunasema wazi: zoezi lifanyike, ila litangazwe, na bunduki ibaki nyumbani. Katika Beni, mtu akilizisha risasi juu ya kufundisha, atafundisha nini? Watoto wetu wanaijua sauti ile tangu utoto. Wafundishwe kutofautisha. Moto unataka utoke nje haraka, risasi zinataka ulale chini, ufunge mlango, unyamaze. Kengele moja kwa mambo yote mawili inaweza kupeleka watu kwenye kifo, kwa hiyo ziwe alama mbili zisizofanana.

Kuna jambo lingine ambalo mpango ulionakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya hautaliona. Mpango kama huo unaweza kudhani wanafunzi wanalala ndani ya chuo. Kwetu wengi wanapanga vyumba mtaani, watatu ao wanne ku nyumba moja, kila mmoja kwenye kartie yake. Kuhesabu watu kiwanjani mchana hakutoshi; hatari nyingi zinakuja usiku. Chuo kiwe na orodha ya nani anakaa wapi, na kila kartie iwe na mwanafunzi mmoja mkubwa anayepita asubuhi mlango kwa mlango, ao anayepiga simu, kisha anatuma hesabu. Kazi hiyo inataka kaye, kalamu na unite kidogo za simu. Orodha yenyewe ifungwe vizuri, maana ikianguka mikononi mwa watu wabaya inawaonyesha njia.

Tusiseme kama hatuwezi. Wakati wa Ebola tuliona ndoo za maji na klori mlangoni, kipima joto kwenye paji la uso, mgonjwa akitengwa na namba ya kuita timu ikijulikana. Kwanza watu walikataa, wengine kwa hasira, tena hasira yenye sababu zake. Baadaye mtoto wa miaka sita alikuwa ananawa bila kuambiwa. Ebola iliporudi Butembo Februari 2021, ilizimwa mwezi wa Mei, na waliokufa walikuwa 6. Watu walikuwa wanajua la kufanya, na chanjo ilikuwepo.

Mwaka wa masomo ukianza, papa ao mama anayepeleka minervali aulize kwenye ofisi: mpango wenu wa dharura uko wapi, tunaweza kuusoma? Namba ya kupiga usiku ni gani? Wakisema iko kwa mkubwa, na mkubwa amesafiri, hapo umeshapata jibu. Na kwenye karatasi ya kuandikisha mtoto, usiweke namba yako peke yake. Weka ya pili, ya mtu asiyeshuka shimoni.