Mwanafunzi wa Tiba na Mwili Wake

Mwaka wa kwanza wa udaktari, iwe katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili jijini Dar es Salaam, au katika vyuo vilivyo kando ya hospitali za KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza, humkutanisha mwanafunzi na anatomia, yaani elimu ya maumbile ya viungo, pamoja na fiziolojia, inayoeleza namna viungo hivyo vinavyofanya kazi, kwa wingi ambao hakuwahi kuuona sekondari. Kwa kuwa shahada hiyo huchukua miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya hospitalini chini ya usimamizi, mazoea ya majuma ya mwanzo hudumu naye muda mrefu.

Kinachoharibika kwanza ni usingizi. Anayepiga msuli, kama wanafunzi wanavyouita usomaji wa bidii, hadi alfajiri husifiwa na wenzake, ilhali mtu mzima anahitaji kulala angalau saa 7 kila usiku, na ni katika usingizi ndipo ubongo huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Sifa hiyo haistahili kutolewa, kwani anayekesha akikariri majina ya neva za mkono huvuruga kumbukumbu ile ile anayoitafuta. Kahawa nayo haimwokoi: takriban nusu ya kafeini, kichangamsho kilichomo pia katika chai na vinywaji vya kuongeza nguvu, huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe kilichonywewa saa 2 usiku humsumbua saa 7 usiku anapojaribu kulala.

Chakula hufuata mfuko. Bumu, yaani fedha za mkopo, likiingia huliwa chipsi kuku, na likiisha hubaki chai na andazi, ingawa sahani ya wali, maharage na mchicha kwa mama lishe humjenga mwanafunzi vizuri zaidi katika nyakati zote mbili.

Ipo hatari nyingine ambayo mwanafunzi wa sheria au uhasibu haijui, nayo ni damu ya mgonjwa. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 katika kila 100, wakati kwa virusi vya UKIMWI ni takriban 3 katika kila 1,000, na dawa za kuvikinga virusi hivyo huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini ipo, lakini kwa kawaida dozi zake 3 huchukua miezi 6, ya pili ikitolewa mwezi mmoja baada ya ya kwanza, hivyo anayesubiri apangiwe wodi ndipo achanjwe huingia wodini akiwa na kinga nusu. Mwanafunzi anayeripoti chuoni na ahakiki kadi yake ya chanjo wiki hiyo hiyo, na kama hakuchanjwa, apate dozi ya kwanza kabla ya kununua koti jeupe.