Majengo, Maduka na Vyakula kama Kumbukumbu za Mji: Kasulu na Kibondo katika Nyanda za Juu za Kigoma

Utangulizi

Mazungumzo kuhusu miji ya kihistoria nchini Tanzania huanzia pwani na mara nyingi huishia hukohuko. Kilwa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na milango yao ya nakshi na kuta zao za mawe ya matumbawe zimekuwa kipimo cha uzee na uzuri wa miji mingine yote. Hata ndani ya Mkoa wa Kigoma, mgeni huelekezwa Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, kisha stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani mjini Kigoma. Baada ya hapo hupanda treni na kurudi. Barabara ya kwenda vilimani, Kasulu na Kibondo, huonekana kuwa njia ya malori tu.

Makala haya yanaeleza kwamba miji hiyo miwili ina historia inayoweza kusomwa kwa miguu, ila haisomeki kwa macho yaliyozoeshwa kutafuta mawe ya kale. Kumbukumbu yake imehifadhiwa zaidi katika duka, katika sahani ya chakula na katika jina la kata kuliko katika ukuta. Hoja hii ina uzito wa kisheria pia, kama itakavyoonekana, kwa kuwa sheria ya nchi inapima urithi kwa tarehe ambayo hakuna nyumba ya Kasulu wala Kibondo inayoifikia.

Miji ya watu waliohamishwa

Kabla ya ukoloni, Buha ilikuwa nchi ya himaya kadhaa zilizotawaliwa na wami, miongoni mwake Heru, Muhambwe na Buyungu. Watu waliishi katika kaya zilizotawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake, na nyumba za msonge zilijengwa kwa miti na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haikukusudiwa kudumu karne mbili. Wagner (1996) ameonyesha jinsi historia ya Buha ilivyofungamana na mazingira yenyewe, na ni jambo la busara kuanzia hapo: asiyeona jengo la kale asikate shauri kwamba hakukuwa na historia.

Kisha watu wakahamishwa, na si mara moja. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakusanya wakazi wa sehemu za Buha katika makazi mapya ili kukabiliana na malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Mashamba na viwanja vya kale viliachwa vikarudi kuwa pori. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha tena watu, safari hii kwa jina la vijiji vya ujamaa. Weiskopf (2011) ameyasoma matukio haya mawili kama historia moja ya jamii zilizopangwa upya, na usomaji huo unaeleza mengi kuhusu sura ya makazi ya leo: nyumba zilizopangwa kando ya barabara na viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka katika nchi ambayo watu wake walizoea kujenga kwa kufuata mgongo wa kilima. Anayesifu utulivu wa mtaa ulionyooka hana budi kujua kwamba unyoofu huo uliwahi kuwa amri.

Kilichosalia kutoka kabla ya amri hizo ni majina. Muhambwe, ingawa utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lingali jina la jimbo la uchaguzi huko Kibondo, na Buyungu lilikuwa jina la jimbo la uchaguzi huko Kakonko hadi mwaka 2025. Kata za Kumsenga na Murubona mjini Kasulu, na ile ya Kumwambu huko Kibondo, zina viambishi vya mahali vya Kiha, ku- na mu-, vilivyoganda katika ramani za serikali. Mtu husema anaishi Kumsenga bila kuhisi kwamba ametamka kirai kizima.

Majengo

Majengo yenye umri katika nyanda hizi ni ya karne ya 20, na mengi ni ya dini. Misheni ya Wakatoliki ya Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, imekua pamoja na hospitali na chuo cha ualimu hata ikawa kama mji pembeni ya mji. Kasulu pia ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa la Anglikana, iliyoundwa mwaka 1966 ikiwa na Musa Kahurananga kama askofu wake. Matofali ya kuchoma, ambayo leo yanaonekana kila mtaa, yanatokana na udongo mwekundu wa mabondeni na tanuri zinazowashwa kiangazi. Ufundi huo unastahili utafiti wake wenyewe.

Heru Juu ni habari nyingine. Hapo palikuwa kiti cha mwami wa Heru, na hapo ndipo anapokumbukwa Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache sana walioshika cheo cha aina hiyo katika Tanganyika ya Waingereza. Mahali hapa pana uzito ambao ukubwa wa jengo hauwezi kuueleza. Mtalii anayetafuta kasri atavunjika moyo, ilhali mtafiti anayeuliza ni nani aliyeketi wapi, na nani aliruhusiwa kupita mlango gani, atapata kazi ya kutosha.

Duka, baraza na sahani

Utajiri mkubwa wa miji hii, hata hivyo, uko madukani na sokoni. Duka la kawaida la zamani ni nyumba ndefu ya chini yenye paa la bati, mlango wa mbao wa pande mbili na baraza la saruji lililoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie. Ndani huuzwa chumvi, sabuni, mafuta ya taa na misumari. Barazani huketi fundi cherehani. Mteja hununua kitenge ndani, hugeuka, akapimwa papo hapo. Mgawanyo huu wa kazi kati ya ndani na nje ndio unaolifanya baraza kuwa sehemu ya biashara na pia ya mazungumzo, kwa sababu anayesubiri nguo yake hana pa kwenda. Bei hutajwa kwa Kiswahili na huteremshwa kwa Kiha.

Bidhaa nazo zina nasaba. Chumvi ilikuwa sababu ya safari za biashara magharibi mwa Tanzania muda mrefu kabla ya duka lolote. Uchimbuzi wa Sutton na Roberts (1968) ulionyesha kwamba chemchemi za Uvinza zilitumiwa tangu milenia ya kwanza. Nguo na baiskeli zilikuja pia na vijana waliokwenda kufanya kazi za manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kurejea kwa reli. Kwa vitenge, njia ni fupi zaidi: mpaka wa Burundi uko karibu, na masoko ya ujirani mwema kama Mabamba katika Kibondo na Muhange katika Kakonko yamekuwa mahali ambapo watu wa lugha zinazoelewana hukutana bila mkalimani. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na ile ya Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi, ziliongeza walaji na wauzaji, na pia vizuizi vya nani auze wapi. Historia ya biashara ya Kasulu na Kibondo haiwezi kuandikwa bila kambi hizo.

Sahani ya mama lishe inafupisha jiografia ya mkoa mzima. Ugali wa muhogo na maharage hutoka vilimani. Mawese yaliyoungia maharage hupanda kutoka ukanda wa chini karibu na ziwa, ambako michikichi hustawi. Mgebuka, aliyekaushwa au kufukizwa moshi ili astahimili safari, hutoka Ziwa Tanganyika. Hakuna kitu cha ajabu mezani, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kukiandika. Kahawa ya arabika hulimwa katika vilima vya Manyovu, lakini kinywaji cha mgahawani ni chai, mara nyingi yenye tangawizi. Kahawa ni zao la kuuza.

Kibondo ina asali. Misitu ya miombo iliyoizunguka wilaya huning'inizwa mizinga ya magogo na ya magome, na asali yake nyeusi huuzwa katika chupa za maji zilizotumika, bila lebo. Muuzaji mzuri humwonjesha mteja kabla ya kutaja bei. Ladha hubadilika kwa kufuata maua ya msimu. Inafaa kukumbukwa kwamba pori lililorudi baada ya watu kuondolewa mwaka 1933 lilikuwa makazi ya mbung'o na pia ya nyuki. Hasara na faida hiyo vilitokea mahali pamoja.

Tarehe ya 1863 na mita 60

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaliita jengo kumbukumbu ya kale moja kwa moja iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye huhitaji tangazo la waziri mwenye dhamana, jengo kwa jengo. Kipimo hicho kinaifaa pwani. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako nyumba za kabla ya mwaka huo zilikuwa za nyasi, kinaacha kila kitu nje: Kabanga, Heru Juu na mabaraza yote ya maduka.

Wakati huohuo barabara imefika. Lami kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imekuwa ombi la wakazi kwa miongo mingi, na hakuna mtu mwenye akili anayetamani vumbi na matope virudi. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, na maduka ya zamani yalijengwa yakitazamana na barabara kwa sababu hapo ndipo wateja walipopita. Kwa hiyo aina ya jengo yenye kumbukumbu nyingi zaidi ndiyo iliyo karibu zaidi na alama ya X.

Kuyazuia maendeleo ya barabara si pendekezo la makala haya. Kinachowezekana ni kuandika kabla ya kubomoa: kupiga picha, kupima baraza, kuchora mpangilio wa rafu, kurekodi masimulizi ya mwenye duka na ya fundi wake kwa Kiha na Kiswahili, na kuweka nakala katika maktaba ya halmashauri na ya chuo kikuu. Gharama yake ni ndogo. Muda ndio mfupi, kwani mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Operesheni Kigoma sasa amepita miaka 70, na wale waliosikia habari za mwaka 1933 kutoka kwa wazazi waliohamishwa hawazidi umri huo kwa mbali.