Sumu Kidogo Kidogo: Metali Mchanganyiko na Viungo vya Mwili

Mkoani Geita, mchimbaji mdogo huchanganya mawe ya dhahabu yaliyosagwa na zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili dhahabu ibaki. Mvuke anaouvuta hauna harufu, wala haumwangushi siku hiyo. Hata hivyo, takribani asilimia 80 ya mvuke huo uingiao mapafuni hupita katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Miamba ya ukanda huo ina aseniki, iwezayo kuingia katika maji ya kunywa. Akivuta sigara, hujiongezea kadimi. Udongo wa pemba unaoliwa na mkewe mjamzito nao huweza kuwa na risasi. Kila sumu ni kidogo. Mwili ni mmoja.

Hatari ya kwanza ni mrundikano. Kadimi hukaa katika figo kati ya miaka 10 na 30 kabla nusu yake haijatoka. Risasi huchukua nafasi ya kalisi na kuhifadhiwa mifupani. Wakati wa ujauzito, mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto, hutoa risasi pia, nayo huvuka kondo la nyuma hadi kwenye ubongo unaojengeka.

Hatari ya pili ni ushirikiano. Metali hizi nne hudhoofisha glutathioni, kinga ya asili ya seli. Moja inapoipunguza akiba hiyo, nyingine hukuta mlango wazi. Figo, ambazo huchuja zote, huumia taratibu, na shinikizo la damu huweza kupanda. Kwa hiyo kipimo cha metali moja chaweza kuonekana kidogo, ilhali kiungo kinabeba jumla.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Upungufu wa madini ya chuma huongeza ufyonzwaji wa risasi na kadimi. Hivyo lishe bora ni sehemu ya kinga. Zebaki isichomwe nyumbani, na nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kumkumbatia mtoto. Maji yapimwe, kwani kuyachemsha hakuondoi aseniki. Naye tabibu, akutanapo na mgonjwa wa figo, amuulize pia kazi aifanyayo na kisima anachotekea maji.