Almasi na Kokoto Nyeupe

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Hapa Nyalikungu hatuko mbali na Mwadui, ambako Dakta John Williamson wa Kanada aligundua almasi mwaka 1940. Kwa hiyo kokoto nyeupe ing'aayo, iokotwapo mtoni baada ya mvua, haikosi mtu wa kusema, "Hii ni almasi!" Mara nyingi ni kwatsi tu, jiwe la kawaida kabisa. Wako watu waliouza ng'ombe ili kununua kokoto kama hizo, na wako wengine ambao huenda wameponda almasi ya kweli kwa mikono yao. Ndugu msomaji, yafaa tujue tofauti.

Almasi ni kaboni tupu, ndugu yake makaa na kile cheusi kilichomo ndani ya penseli. Kwatsi ni silikoni na oksijeni.

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu toka 1 hata 10. Almasi ni 10, kwatsi ni 7. Watu wengi hukwaruza kioo kwa jiwe lao, na kikichorwa hushangilia. Lakini kioo hakifiki hata 6, na kwatsi hukichora bila taabu. Furaha hiyo ni ya bure.

Jaribio baya kuliko yote ni la nyundo. Nimewasikia wazee wetu wakisema kwamba almasi haivunjiki, basi jiwe lipigwe, likivunjika si almasi. Kwa heshima zote, sivyo. Kutokwaruzika ni jambo moja, kutovunjika ni jambo jingine. Almasi ina pande nne ambazo hupasuka kwazo kwa urahisi, kama kuni ipasukavyo kwa kufuata nyuzi zake, na mafundi wa vito huitumia tabia hiyo kuigawa. Kwatsi hupasuka ovyo, kama chupa. Hivyo nyundo huharibu mali wala haithibitishi neno.

Mizani ni bora zaidi, tena tunayo hapa shuleni. Nilifunga kipande cha kwatsi kwa uzi nikakipima: gramu 53. Nikakipima tena kikiwa kimening'inia ndani ya maji: gramu 33. Kimepungukiwa 20, na 53 ukigawanya kwa 20 wapata 2.65. Hiyo ndiyo nambari ya kwatsi. Ya almasi ni 3.52, almasi ya gramu 53 ingepungukiwa gramu 15 tu. (Ya ukubwa huo sijui nani angeniazima! Ile almasi mashuhuri ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake, ilikuwa na karati 54.5, yaani haikufika gramu 11. Ilipokatwa zilibaki karati 23.6.)

Sasa nuru. Ikiingia katika almasi mwendo wake hupungua mara 2.42; katika kwatsi mara 1.54 tu. Kwa sababu hiyo nuru iliyokwisha kuingia katika almasi hutoka kwa shida. Ikigonga uso wa ndani kwa pembe inayozidi kama digrii 24, hurudishwa ndani, na huko huzunguka hata ipate njia. Katika kwatsi mpaka huo ni kama digrii 40, kwa hiyo nyingi hupenya na kupotea. Tena almasi huzitawanya rangi za upinde wa mvua mara tatu kuliko kwatsi.

Lakini mng'ao huo ni wa almasi iliyokatwa. Ile itokayo ardhini huonekana kama imepakwa mafuta, na mtu aweza kuipita akaokota kwatsi inayometameta kando yake. Hata hivyo almasi hukataa maji na hushika grisi. Ndiyo maana migodini changarawe iliyolowa ilipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi. Almasi zilinasa, kwatsi ikaenda na maji.

Kipande changu kimo katika maabara, ndani ya kikombe kando ya mizani. Atakaye kukilinganisha na kokoto yake na aje nayo, ila nyundo aiache nyumbani.