Ulemavu Upimwe na Mguu Bandia, au Bila Mguu Bandia?

Aliyekatwa mguu akipata mguu bandia na kutembea mwenyewe hadi sokoni, je, ulemavu wake umepungua? Kwa majeruhi wa vita vya Kisangani, jiji la Kongo, swali hili si la darasani, maana fidia ya mwili huhitaji mtu wa kukadiria mwili umepoteza kiasi gani.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya jiji hili, na maelfu ya makombora yakaangukia makazi ya watu. Raia zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa madhara yaliyowapata watu. FRIVAO, mfuko wa serikali ya Kongo wenye makao yake Kisangani, ulipewa kazi ya kuwafikia wahanga. Mahakama ilitaja jumla tu. Jicho la huyu na mkono wa yule havikupangiwa kiasi.

Marekani hupanga kiasi hicho kwa askari wake wa zamani kwa asilimia, kutoka 0 hadi 100, kumi kumi. Majeraha mawili hayajumlishwi moja kwa moja. Mwenye asilimia 50 kwa mguu na 30 kwa bega hapati 80: ile 30 huhesabiwa kwenye nusu ya mwili iliyobaki, inakuwa 15, jumla 65, kisha hufikishwa 70.

Februari 2022, idara ya maveterani ya nchi hiyo ilipendekeza kubadili baadhi ya viwango. Askari ambaye pumzi yake hukatika usingizini, akihitaji mashine ya kumsukumia hewa, alikuwa akipewa asilimia 50. Pendekezo lilisema kwamba tiba ikimwondolea dalili zote, apewe 0. Mvumo wa masikioni, uliokuwa na asilimia 10 zake, usihesabiwe peke yake bali pamoja na ugonjwa unaouleta. Magonjwa ya akili nayo yapewe angalau 10, yakipimwa kwa namna mtu anavyofikiri, anavyoishi na wenzake, anavyomaliza kazi na anavyojitunza.

Hili la mwisho ni zuri, nasi tungeliiga. Lile la kwanza linanitia hofu. Kupima mwili pamoja na tiba kunafaa pale tiba isipokatika kamwe. Mguu bandia wa mtu mzima huchakaa kwa miaka 3 hadi 5. Mtoto huhitaji mwingine kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kuwa anakua; tena mfupa uliokatwa unaweza kuendelea kurefuka ndani ya kigutu hadi ukaichoma ngozi, na hapo anarudi kwenye upasuaji. Aliyekatwa mguu akiwa na miaka 7 mwaka 2000 alipaswa kubadilishiwa mara nyingi kabla hajawa mtu mzima. Je, nani alimlipia? Kumpunguzia alama kwa sababu siku ya kupimwa alikuja amevaa mguu ni kumwadhibu kwa kujitahidi.

Sikio lina ugumu wake. Mshindo wa kombora huweza kuchana ngoma ya sikio, ambayo mara nyingi hupona. Lakini chembe za vinyweleo zilizo ndani zaidi, zinazogeuza sauti kuwa ishara za neva, zikifa hazioti tena. Mvumo unaobaki husikika na mwenyewe tu. Hakuna mashine ya kawaida ya hospitali inayouona. Anayedai cheti cha kipimo cha mwaka 2000 anadai kitu ambacho wengi hawakupewa nafasi ya kukipata, jiji likiwa chini ya mabomu.

Kwa hiyo majeruhi anayekwenda kupimwa amwombe daktari aandike mambo mawili kando kando: anachoweza akiwa na kifaa au dawa, na anachoweza bila hivyo. Aandike pia kifaa hicho kitahitaji kubadilishwa lini, na nani amekubali kukigharimia.