Je, Wajua Sumu Isiyokufa Motoni?

Mtu akila kiporo kikamtapisha, jambo la kwanza analoulizwa ni kama alikipasha moto vya kutosha. Kwa salmonela swali hilo ni la haki, maana salmonela hufa chakula kikichemka sawasawa. Kwa stafilokokasi swali limechelewa. Vijidudu hivi, vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu, hukaa puani mwa karibu theluthi moja ya watu bila kuwadhuru, na hustawi kwenye jipu au kidonda cha kidole. Vikitoka mkononi vikaingia kwenye nyama, wali au samaki aliyekwisha kuiva, na chakula kikaachwa vuguvugu saa kadhaa, huzaana na kumwaga sumu. Ukichemsha tena, vijidudu hufa lakini sumu hubaki: inaweza kustahimili maji yanayochemka hata nusu saa. Na mji wetu wa Likasi, huko Katanga, uko juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hata nyuzi 100 zenyewe mboga yetu haizifikii. Harufu haibadiliki, ladha haibadiliki.

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1914 huko Ufilipino, mtafiti M. A. Barber alichunguza maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Yakinywewa mabichi, papo hapo, hayakudhuru. Yakiachwa saa kadhaa kwenye joto la kawaida, yaliuguza watu, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Februari 1975, ndege ya Japani iliyopakia chakula Anchorage, Alaska, ilitua Copenhagen ikiwa na abiria 196 wanaotapika na kuharisha, pamoja na mhudumu mmoja. Chanzo kilikuwa omleti zenye nyama ya nguruwe, zilizoandaliwa na mpishi mwenye vidonda vidoleni, kisha zikakaa muda mrefu bila baridi ya kutosha. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Hapo ndipo penye uzito kwetu. Wengi wakitapika saa mbili au tatu baada ya kula matangani, jina la mtu hutajwa upesi kuwa ndiye aliyetia sumu: jirani, shemeji, mke mwenza. Kumbe kutapika kwa ghafla, kati ya saa moja na sita baada ya kula, mara nyingi bila homa kali, kisha nafuu ndani ya siku moja, ni mwendo wa stafilokokasi hasa. Atakayepinga atasema sumu za kweli zipo, na ni kweli. Dawa za wadudu huangusha watu upesi, ila mate mengi, jasho na mboni zilizosinyaa humfanya daktari aziwaze kwanza. Wengine watanyoshea kidole migodi. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kiwango kikubwa cha kobalti katika mkojo wa watu wa Katanga waishio karibu na migodi na viwanda vya madini. Lakini vumbi linaloingia mwilini kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, halielezi kwa nini watu waliokula sahani moja waugue mchana mmoja. Kabla ya kumtaja mtu, mabaki ya chakula yafunikwe na kupelekwa hospitali yakapimwe. Yakimwagwa, ushahidi umepotea, na anayesingiziwa hana tena cha kumtetea.

Wapo pia wanaosema wazee walikula viporo bila frigo na hawakufa. Wazee walikausha samaki, wakasonga bukari ya kuliwa ikaisha. Sisi tunapika mapema, sufuria kubwa, tukiitegemea frigo ambayo umeme ukikatika inakuwa kabati tu, na Oktoba joto la nyumba hupanda kuelekea lile ambalo vijidudu hivi hulipenda zaidi, nyuzi 37. Makala ya kupikia ni ghali, hilo halina ubishi. Basi afadhali yatumike kuiweka sombe ya msibani juu ya nyuzi 60 mpaka igawiwe, kuliko kuipoza asubuhi na kuichemsha jioni. Kisichoweza kuwekwa moto kiliwe ndani ya saa mbili. Na mama mwenye kidonda kidoleni apewe kazi ya kuchota maji au kupokea wageni, bila kuaibishwa, mwingine ashike nyama.